Mtumbwi wa Mkwe

Kindu, jioni

Zaina mwanangu,

KOMUNIKE. Familia ya msaidizi wa mkuu wa stesheni, mke wake, watoto wake, wakwe zake, majirani wa avenyu nzima, pamoja na wote wanaohusika kwa karibu ama kwa mbali, wana heshima kubwa ya kuwatangazia kwamba valizi ya binti yao imekubali kufungwa. Tukio hilo limetokea leo baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa wazazi, mbele ya mashahidi. Walioikalia ni shangazi yake Mwajuma upande wa magurudumu, mimi mwenyewe upande wa mpini, na kaka yake Ramazani katikati, ambaye alikaa kwa sababu tu alikuta watu wamekaa. Zipu imelia kidogo, kisha ikanyamaza. Hakuna aliyejeruhiwa. Familia haiombi maua wala mashada.

Sasa nimeweka megafoni chini, tuongee.

Najua valizi ile ilikushangaza. Asubuhi uliipanga mwenyewe ikafunga vizuri, mdomo wake umetulia kama wa mtu mwenye adabu. Alasiri ukaikuta imevimba. Ukamtazama mama yako ukidhani ameongeza samaki wa moshi. Mama yako akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari. Ni kweli, nimetia kitu chini kabisa, chini ya viatu. Na kwa kuwa nakujua, barua hii nitakupa kesho kiwanjani, valizi ikiwa imekwisha kuingia tumboni mwa ndege, usipate pa kuchungulia kabla hujafika mwisho.

Habari za kula, kulala, kuswali na kufunga mlango kwa ufunguo sitaziandika. Mama yako amezisema zote tangu ulipopata viza, nyingine amezisema kwa kuimba akitwanga majani ya sombe. Mimi nina jambo moja, nalo ni ile siku ya kuvuka mto wakati wa vita, wewe ukiwa mtoto wa mgongoni. Tulivyokusimulia sivyo ilivyokuwa. Kesho unakwenda Dar es Salaam kusoma hesabu za hatari na bima mpaka mwisho wake, na msingi wa elimu hiyo umeujenga juu ya hadithi yetu. Nikinyamaza tena, utakuwa bingwa wa jambo ambalo baba yako hakulifanya.

Lakini usiniharakishe. Mimi ni mtu wa reli ya Kindu; sijawahi kufika mahali upesi.

Unajua kazi yangu. Nimezeeka nikitangaza treni. Sikusema nimezeeka nikiona treni. Mtu anakuja stesheni, kuku wake amekwisha kumfunga miguu, ananiuliza: "Papa chefu, treni ya Kabalo itafika lini?" Namjibu: "Wiki hii, inshallah." Anarudi wiki ya pili, kuku amekwisha kutaga, anauliza tena, na mimi namjibu vilevile, kwa sauti ileile yenye matumaini. Ulikuwa umeanza tu darasa la kwanza siku uliponivuta shati ukaniuliza: "Papa, kama treni haikuyaka, juu ya nini unasemaka itakuya?" Nikakuambia kwamba mimi sisemi uongo, nawapa watu tumaini. Ukakaa juu ya gunia la mtu ukafikiri. Halafu ukasema: "Basi sema labda." Wenzangu wakacheka mpaka wakaegemea mizani. Toka siku hiyo mpaka leo pale stesheni jina lako ni Mamzele Labda, na jana mzee wa bohari aliniuliza kama ni kweli Mamzele Labda anakwenda kusomea ulabda mpaka digrii ya pili. Nikamwambia ni kweli, na kwamba huko kuna watu wanalipwa kwa kazi hiyo. Alitikisa kichwa. Alisema kumbe sisi tuliifanya bure miaka yote.

Nakumbuka uliporudi kutoka masomoni Kisangani, ukataka kutueleza kitu hiki ni nini hasa. Ulimwaga karanga kwenye sinia. Ukasema kila karanga ni mfanyabiashara wa mtoni na mtumbwi wake. Hatuwezi kujua ni wa nani utakaozama, ukasema, ila wakiwa wengi tunaweza kukisia karibu ni mingapi itazama. Basi kila mmoja akitoa kidogo, aliyezama hatalala njaa. Ramazani alikuwa anasikiliza kwa mkono. Ulipotazama chini, nusu ya wafanyabiashara hawapo.

"Yaya, wako wapi?" ukamwuliza kaka yako.

"Walizama," akasema, akitafuna.

"Yaya, weye njo hatari yenyewe."

Na mwalimu wa madrasa, jirani yetu, aliyekuja kuazima pampu ya baiskeli, akaweka neno: "Lakini mwanangu, hii bima si kucheza kamari na mambo ya Mungu?" Ukamwambia: "Mwalimu, nyumba ya mutu ikiungua, sisi wote tunamuletea mbao. Sasa tukileta mbao mbele haiyaungua, tumemukosea Mungu fasi gani?" Mwalimu akacheka, akasema, "Huyu mutoto atatumaliza," na akaondoka na pampu na karanga zilizobaki. Siku hiyo nililala vizuri sana. Nilikuwa nimeogopa kwamba elimu hii itakufanya mtu baridi, mtu wa kutazama watu kama karanga. Nikaona hapana: ulikuwa unatazama karanga kama watu.

Halafu ikaja siku ya kuulizwa maswali na walimu wa Dar. Nyumba ya internet karibu na bandari ina nafasi ya kiti kimoja, kwa hiyo mimi nilikaa nje kwenye benchi. Ukuta ule ni mbao nyembamba. Nilisikia kila kitu, na nadhani nilitoka jasho kuliko wewe. Ulijibu maswali ya hesabu kwa upole, kama mtu anayemwaga maji kwenye glasi. Kisha sauti moja ya mama mtu mzima ikakuuliza kwa nini umechagua hatari, wakati vijana wengi wanachagua benki.

Ukamwambia: "Kwa sababu ya baba yangu. Wakati wa vita tulipokuwa tunakimbia Kindu, baba aligawa familia katika mitumbwi miwili, ili mmoja ukizama mwingine ufike. Mmoja ulizama kweli, na bado sote tulitoka hai. Baba hakusoma hesabu hizi, lakini alizijua."

Nikasikia yule mama akivuta pumzi. Mimi kule nje niliinama kufunga kamba za viatu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa makubazi.

Ulitoka macho yanang'aa. Ukaniambia, "Papa, nafikiri wamenipenda." Ningekuambia hapohapo. Nilifungua mdomo. Nikasema, "Tukanywe chai."

Sasa, mama, niwie radhi, nataka kukuingilia katika taaluma yako kidogo. Wale walimu walikuwa na huruma, hawakukuuliza swali ambalo wewe mwenyewe ungemuuliza mtu mwingine yeyote. Mitumbwi miwili, mto mmoja, saa ileile, risasi zilezile: hapo umegawa nini? Wewe ndiye uliyetufundisha mezani kwamba karanga zilizo kwenye kijiko kimoja huliwa pamoja. Lakini ilipokuwa ni habari ya baba yako, hesabu zako zikafumba macho. Hayo ni mapenzi, siyakatai, nimeyapokea kwa mikono miwili. Usiende nayo kazini.

Na usifikiri nakucheka peke yako. Mimi nilikutangulia kuamini hadithi ile, na mwenzangu aliyelipa ni Ramazani.

Baada ya vita watu walinipa sifa, na sifa hulevya hata sisi tusiokunywa. Kila mtu Kindu alijua: yule wa reli aliona mbali. Basi nikawa mtu wa kugawa. Mchele wa nyumbani niliugawa sehemu tatu, moja kwa Mwajuma, moja chini ya kitanda, moja nikasahau nimeiweka wapi mpaka panya walipokuja kunishukuru. Funguo za bohari nilizigawa katika suruali mbili, nikapoteza suruali. Mama yako alivumilia. Kisha yakaanza tena maneno ya vita, yale ya kila mara, nami nikasema sasa nitagawa watoto. Ramazani alikuwa kijana, ana nguvu, hana kazi. Nikampeleka kijiji cha Kama, kwa mjomba wake, kule wanakochimba dhahabu, ili tusiwe wote mahali pamoja. Mama yako aliniambia: "Baba Ramazani, mutoto hayiko mufuko ya muchele." Nikamjibu kwa ile sauti ya mtu aliyevusha watu.

Wewe ulikuwa mdogo, unakumbuka tu aliporudi amebebwa kwenye pikipiki, kati ya dereva na mtu wa kumshika, mguu umefungwa kwa vipande vya mianzi. Shimo lilikuwa limemwangukia. Vita ile tuliyoikimbia haikuja. Kilichokuja ni udongo. Leo anatengeneza pikipiki bandarini na kusema mguu wake unajua mvua kuliko redio. Amenisamehe kabla sijamwomba, na hilo ni deni zito kuliko kama angenikasirikia. Wiki iliyopita nilimwambia ukweli wa mtoni, maana niliona si haki wewe kuujua kabla yake. Alicheka mpaka akashika tangi la pikipiki ya mteja.

"Papa," akasema, "kumbe muguu yangu ilivunjika juu ya hadithi?"

Nikamwambia ndiyo.

Akafuta mikono. Akasema: "Mwambie Zaina. Yeye anaenda kufanya kazi na miguu ya watu wengi."

Kwa hiyo ndugu yako ndiye aliyeniketisha hapa, na mama yako amekuja mara mbili mlangoni kutazama kama naandika ama nachora. Amesema nisipokuambia mimi, atakuambia yeye kesho kiwanjani, mbele ya askari wa uhamiaji. Unamjua.

Ili uelewe, inabidi nianze na Koko, mama ya mama yako, Mungu amrehemu.

Upande wangu, kama unavyojua, ni watu waliofika hapa na misafara ya pwani. Upande wa Koko, kule Pangi, ni watu waliokutwa njiani na misafara hiyo. Wewe umetoka pande zote mbili, na kesho unarudi pwani kwa ndege, bila mzigo kichwani, na huko watakuambia Kiswahili chako kina matundu. Waambie kimetembea sana. Lakini nilitaka kusema hivi: Koko alipokubali kuniozesha binti yake, mimi mtu wa mjini, wa reli, wa ukoo ule, alikubali kwa sharti la heshima, na heshima ya kwao kati ya mkwe na mama mkwe huijui vizuri, maana ninyi wa siku hizi mnapiga picha na wakwe zenu.

Tangu nilipooa mpaka alipokufa mwaka juzi, Koko hakunitazama usoni. Akija njiani, mimi naingia majanini. Nikija mimi, yeye anajifunika kitenge kichwani na kugeukia ukuta. Hatukula sahani moja, hatukukalia mkeka mmoja. Akinipa chakula, alinyoosha mkono kupitia mlangoni, uso ukiwa umegeukia upande mwingine, na mimi nikapokea nikiwa nimegeukia upande wangu. Ajabu ni kwamba hatukumwaga hata siku moja. Akiwa na neno la kuniambia alimpa mtu wa tatu. Kama mtu wa tatu hayupo, alimwambia mbuzi. "Mbuzi, ambia ule mutu ya treni manyasi ya nyumba inavuya." Na mimi nilimjibu mbuzi kwamba nimesikia, nitapanda kesho. Hatukugombana kamwe. Ningegombana naye kupitia mbuzi gani?

Na unalikumbuka koti lake. Koti la buluu la reli, vifungo vya shaba, mikono imemzidi. Alilivaa shambani, alilivaa msibani, alilivaa jua likiwa kali mbuzi wenyewe wamejificha. Watoto wa Pangi walimwita Chefu wa Gari, yaani mkuu wa stesheni. Ulimuuliza mama yako kwa nini, akakuambia Koko anapenda vifungo. Ukaridhika. Hukuuliza alilipata wapi koti la reli mwanamke ambaye hakuwahi kupanda treni.

Haya. Sasa nakuambia.

Ilikuwa asubuhi, ukungu haujatoka mtoni. Milio ilikuwa inatokea upande wa stesheni, na mimi nilikuwa nimetoka huko mbio, nimevaa koti langu la kazi na kofia. Ramazani alikuwa tayari ng'ambo, Alunguli, kwa Mwajuma. Tulibaki mama yako, wewe, Koko aliyekuwa amekuja kututembelea akakwama, na mimi. Tulifika majini tukamkuta Mgenya mmoja, wa wale wavuvi wa mtoni, tuliyefahamiana naye, mpiga kasia mzuri, ana mtumbwi mkubwa. Alikuwa ametuwekea nafasi katikati, ya watu wazima watatu na mtoto. Nikamshukuru Mungu. Nikapanda wa kwanza. Nataka uelewe hilo vizuri: nilipanda wa kwanza. Nikanyoosha mkono nimshike mama yako naye akapanda, wewe mgongoni.

Koko akafika, akaiona ile nafasi iliyobaki. Ilikuwa mbele yangu, uso kwa uso, magoti kwa magoti. Akasimama ndani ya maji, hayajafika hata kwenye goti.

"Mwavita," akamwambia mama yako, "ambia bwana yako ashuke."

"Mama, vita iko nyuma yetu."

"Vita itapita. Haya haipite. Siwezi kukaa magoti kwa magoti na mukwe. Muende, mimi nabaki."

Hapakuwa na mbuzi. Mimi nikaliambia kasia: "Mwambie mama mtumbwi ni mpana, nitageuka, nitafunga macho, nitajifunika gunia." Kasia halikujibu. Mgenya akanitazama kwa huruma. "Muzee," akasema, "nilishaona wa namna hii. Huyu mama hatapanda. Shuka weye. Kile kitumbwi kidogo pale ni cha mutoto wangu. Kinavuja, lakini kinajua njia."

Nilikataa. Nilisema kwamba familia itavuka pamoja ama haitavuka. Nilisema maneno kuhusu watu wa Pangi na mila zao ambayo sitayaandika, na mama yako aliyasikia yote, na Koko pia, uso wake ukiwa umegeukia mji unaowaka. Ingekuwa shauri langu, mwanangu, tungekuwa wote ndani ya mtumbwi mmoja, mguu juu ya mguu. Huo ndio uamuzi wa yule mtu aliyeona mbali. Nilishuka kwa sababu mama yako aliniambia, polepole, bila hasira: "Shuka. Siendi bila mama yangu, na yeye haendi na weye." Nikashuka nikilia kama mtoto aliyenyang'anywa kiti.

Nafasi niliyoiacha haikukaa wazi. Kabla Mgenya hajasukuma, watu walikuwa wameirukia, zaidi ya mmoja.

Mimi kupiga kasia sijui. Nilikuwa nyuma yao, kidogo juu ya mkondo, naenda upandeupande kama kaa, kasia mkono mmoja, mkono wa pili nachota maji kwa kofia ya reli. Nilikuwa nawalaani kimoyomoyo. Katikati ya mto, mlio ukapiga karibu kuliko ya mwanzo. Kwenye ule mtumbwi mkubwa mtu mmoja akasimama. Mtu wa pili akasimama ili amkalishe. Ukapinduka.

Utasema niliwafuata. Sikuwafuata. Mto ulikuwa unanipeleka huko huko; niliwaangukia. Mama yako alikuwa ameshika tumbo la mtumbwi uliopinduka, Mgenya amemshika nywele, na mtumbwi huo ndio uliowabeba mpaka kwenye mchanga. Si kila aliyekuwa ndani yake alitoka. Hao siwaweki kwenye komunike yoyote, na nakuomba na wewe, siku utakapokuwa na meza yako na hesabu zako, usiwaweke kama karanga.

Wewe hukuwa mgongoni mwa mama yako. Maji yalikuwa yamekutoa. Nikatazama chini ya mkondo nikaona mikono miwili imetoka majini, mikono tu, na juu ya mikono hiyo uko wewe, unalia kwa sauti ya mtu mwenye afya.

Kitumbwi changu kikafika hapo chenyewe. Kichwa cha Koko kikatokeza kuvuta pumzi. Kitenge chake mto ulikuwa umekichukua, na blauzi pia. Akaona ni mimi. Na ndani ya maji yale, mdomo umejaa, Zaina, akageuza uso. Akakunyoosha kwangu vilevile kama alivyonyoosha sahani kupitia mlangoni, akitazama upande mwingine. Nikapokea nikitazama upande wangu. Hatukumwaga.

Nikakuweka chini, kwenye maji ya kitumbwi. Nikamwambia, mimi mwenyewe, bila mbuzi, mara yangu ya kwanza na ya mwisho: "Mama, lete mkono."

Hakuuleta. Alikuwa amemaliza kazi yake, na alikuwa tayari kwenda kuliko kuvutwa uchi na mkwe wake mbele ya macho yake. Niliona anavyoachia.

Nikavua koti. Nikafumba macho, nikalitupa majini nikishika mkono mmoja wa koti, nikasema kwa sauti, sijui nilikuwa nawaambia nani, kwamba mtu wa treni amefumba macho, hataona kitu mpaka aambiwe. Nikangoja. Sijawahi kungoja treni hivyo. Halafu koti likavuta.

Nilivuta nikiwa kipofu. Kitumbwi kililala upande, kikanywa maji, hakikuzama, kwa sababu kilikuwa na nafasi, na kilikuwa na nafasi kwa sababu siku hiyo hakuna mtu aliyekitaka, hata mimi. Ninyi wa vitabu mtakuwa na jina la nafasi kama hiyo. Mimi nilijua tu kwamba ilikuwepo na kwamba sikuiweka mimi. Nikasikia vifungo vikifungwa kimoja kimoja. Kisha nikasikia mgongo wake ukigusa mgongo wangu, na akasema, "Mutoto, ambia baba yako afungue macho." Ulikuwa huwezi hata kusema mama. Nikafungua. Tukavuka hivyo, mgongo kwa mgongo, mimi nikitazama Kindu, yeye akitazama Alunguli, wewe miguuni mwake unalia.

Upande wa pili watu wakatuzunguka. Wakauliza mbona mlikuwa mitumbwi miwili. Mama yako alikuwa bado anatapika maji. Angejibu ukweli, lingekuja swali la pili, na la tatu, mpaka wafike kwenye kitenge, na mama yake asingeweza kuishi kati ya watu tena. Akafuta mdomo akasema: "Bwana yangu njo alitugawanya. Aliona mbali." Nikaelewa. Hadithi ile ilikuwa nguo. Niliivaa mimi ili yeye afunikwe. Kosa langu ni kwamba ilinipendeza, nikaivaa mpaka kazini.

Koko alimwambia mama yako pale pale, akitazama miti: "Ambia bwana yako koti yake nitarudisha ikikauka." Mwaka juzi, alipokuwa amelala na hawezi kuamka, alimwita mama yako tena. Mimi nilikuwa nje, nyuma ya ukuta, mahali pangu. Akasema kwa sauti ya kutosha kupita ukuta: "Siku mutoto ataenda mbali, ule mutu ya treni amwambie yote. Mimi sitakuwako kuona haya."

Basi nimesema, na kifua changu ni chepesi kama kitumbwi kile. Nilidhani ningeogopa kesho, wewe ukipanda ngazi za ndege. Siogopi. Safari hii hakuna anayekugawa. Unakwenda kwa sababu umetaka.

Dar kuna joto, hutalivaa. Lakini limekauka, mama yangu. Liko chini ya viatu vyako.

Baba yako,
mtu wa treni